Bendera ya Kaunti, Kutoka Barazani Hadi Mlingotini: Mwongozo Kamili

Kaunti yoyote ya Kenya inayotaka bendera ina kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kupata kitambaa kinachotambulika kwa mbali. Ya pili ni kupata sheria isiyoweza kubatilishwa mahakamani. Wananchi wanahitajika katika kazi zote mbili, ila si kwa namna moja, na bendera nyingi huharibikia hapo. Serikali ya kaunti huwaita watu, kila kundi hutaja kitu chake, mchoraji huambiwa aviweke vyote, na mwisho wake ni mlima, ng'ombe, samaki, jembe, jua, kitabu na jina la kaunti vilivyosongamana katikati ya kitambaa. Kila mtu alisikilizwa, lakini hakuna anayeweza kuikumbuka.

Mpangilio tunaoupendekeza ni huu: wananchi waulizwe maana mwanzoni, waulizwe kama wanaikubali ikiwa kitambaa, kisha waulizwe tena mswada ukifika bungeni. Kuchora waachiwe wachache wanaojua kuchora, na mchoro wa mwisho utoke kwenye mkono mmoja.

Sheria inataka nini

Msingi ni kifungu cha 4 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Kila kaunti inatakiwa itunge sheria ya kuweka alama zake tatu: bendera, nembo na muhuri wa umma. Kamati kuu ya serikali ya kaunti ndiyo inayoziandaa kwa njia ya mashauriano, na Bunge la Kaunti ndilo linaloziidhinisha kwa kupitisha sheria. Kwa hiyo gavana hawezi kuzindua bendera kwenye sherehe halafu akaiita rasmi. Alama hizo pia hazitakiwi kufanana na alama za taifa zilizotajwa katika Kifungu cha 9 cha Katiba na kuchorwa katika Jedwali la Pili. Weusi, wekundu na kijani vikipangwa kwa milia ya kulala yenye tepe nyeupe, vimeshachukuliwa. Ngao na mikuki miwili iliyopishana navyo vimeshachukuliwa. Msipoteze wiki mbili mkibishana kuhusu ngao.

Ushirikishwaji wa umma unatajwa katika Kifungu cha 10 cha Katiba miongoni mwa maadili ya taifa, na Kifungu cha 196 kinalibebesha Bunge la Kaunti wajibu wa kuuwezesha. Mahakama hazilichukulii jambo hili kama mapambo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ile ilikuwa sheria ya ushuru, lakini kanuni ni ileile kwa sheria ya bendera. Tofauti ni kwamba bendera ikianguka mahakamani, inaanguka na vitambaa vyote mlivyokwisha kushona, vibao vyote na rangi zote za magari.

Ndiyo sababu kila hatua hapa chini ina karatasi yake. Fungueni faili moja tangu siku ya kwanza, liwe na matangazo yaliyotolewa na tarehe zake, orodha za waliohudhuria, muhtasari wa kila baraza, maoni yaliyokuja kwa maandishi, na maelezo ya kwa nini hoja fulani ilikubaliwa au ilikataliwa. Hayo ya mwisho husahauliwa mara nyingi, nayo ndiyo yenye uzito. Mwananchi anayeuliza "tulisema, mkafanya nini?" anastahili ukurasa wa kufungua na kusoma. Na kwa kuwa mnakusanya majina na nambari za simu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu: waambieni watu kwa nini mnaandika majina yao, wala msiyabandike ukutani wala mitandaoni.

Kamati na kalenda

Watu tisa hadi kumi na mmoja wanatosha. Wakizidi hapo kila kikao kinakuwa baraza. Wawemo: afisa wa utamaduni wa kaunti, mwanasheria wa kaunti au mtu wake, mbunifu wa michoro, fundi cherehani aliyewahi kushona bendera, mwalimu wa sanaa, mtu anayejua historia ya eneo, mwakilishi wa watu wenye ulemavu, vijana wasiopungua wawili, na watu wa jamii zilizo chache katika kaunti. Wanawake wasiwe wa kujazia nafasi. Fundi cherehani huachwa nje karibu kila mara, ilhali ndiye wa kwanza kuwaambia kwamba mkia wa yule mamba hauwezi kushoneka.

Wawakilishi wadi wasikae kwenye kamati hii. Watapata zamu yao mswada ukifika bungeni, na haifai wauhukumu mchoro walioushiriki kuuchagua.

Tengeni miezi tisa: miwili ya maandalizi na mabaraza, miwili ya michoro, mmoja wa kujaribu vitambaa, mmoja wa kura, mitatu ya bungeni na Gazeti Rasmi. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, kwa hiyo kazi isiyomo kwenye bajeti iliyopitishwa mwezi Juni itakwama ikifika kwenye ununuzi. Epukeni pia mwaka wa uchaguzi. Miezi kumi kabla ya Agosti ya uchaguzi, kila rangi ina chama. Chungwa, njano, nyekundu, zote zitasomwa kama kampeni, hata kama mzee aliyeipendekeza alikuwa akifikiria maembe tu.

Barazani ulizeni maana, msiulize mchoro

Ukimuuliza mtu "ungependa nini kwenye bendera?" atakutajia kitu: kahawa, ndovu, daraja. Kitu hicho kikishatajwa mbele ya watu kinakuwa dai, na dai likikataliwa kuna aliyeshindwa. Ulizeni maswali matatu haya, kwa mpangilio huu:

1. Mgeni akikuuliza kwenu ni wapi, unamwambia nini ili apajue?
2. Ni kitu gani cha kaunti hii ambacho ni chetu sote, hata pamoja na wale tusiopatana nao?
3. Ni kitu gani kisitiwe kabisa kwenye bendera, na kwa nini?

La tatu ndilo lenye faida kuliko yote. Hapo ndipo mtasikia kwamba rangi fulani kwa jamii fulani ni ya msiba, kwamba mnyama fulani ni wa ukoo mmoja, kwamba mlima unaoonekana wa kaunti nzima una mgogoro wa mpaka. Mambo haya hayasemwi na mtu aliyeulizwa anataka nini. Husemwa na aliyeulizwa anakataa nini.

Fanyeni angalau kikao kimoja kwa kila wadi. Kaunti ya wadi 20 ikifanya vikao vinne kwa wiki humaliza kwa wiki tano. Watu 40 hadi 60 kwa kikao, saa mbili, na baada ya utangulizi wa dakika kumi wagawanyike katika makundi ya watu wanane hadi kumi: wazee peke yao, wanawake peke yao, vijana peke yao. Mkikaa wote pamoja, mzee wa kwanza kusimama ndiye atakayejibu kwa niaba ya kijiji kizima, na heshima itawafunga wengine midomo. Muwe na mkalimani wa lugha ya alama. Anayeandika aandike jibu kwa lugha lilivyosemwa, kisha alitie kwa Kiswahili kando yake. Neno la mahali mara nyingi hubeba picha ambayo tafsiri huipoteza.

Tangazo litoke siku 14 kabla, kwenye redio ya lugha ya mahali, misikitini na makanisani, kwenye vibao vya ofisi za wadi na sokoni. Msiweke baraza siku ya gulio, labda mulifanyie gulioni penyewe.

Mkimaliza, hesabuni majibu. Msihesabu vitu, hesabuni maana. "Mto", "daraja", "samaki" na "mafuriko" vinaweza kuwa jambo moja. Kwa kawaida majibu yote hujikusanya kwenye mafungu manne hadi sita. Andikeni karatasi ya kurasa mbili: mafungu yale, yametajwa katika wadi ngapi, na orodha ya makatazo. Hiyo ndiyo atakayopewa mchoraji.

Mfano wa karibu: mto

Chukueni Kaunti ya Tana River kama mfano wa kufikiria tu. Sisemi bendera yao iwe hivi. Wapokomo hulima kandokando ya mto. Waorma na Wawardei hufuga. Wapo na wengine. Ukichora ng'ombe, mkulima atauliza shamba liko wapi. Ukichora mgomba, mfugaji atauliza malisho yako wapi. Ukichora vyote viwili umerudi kwenye kile kitambaa kilichosongamana. Lakini swali la pili, "nini ni chetu sote, hata na wale tusiopatana nao," lina jibu moja linalojileta lenyewe: mto. Ndio mrefu kuliko yote nchini, umeipa kaunti jina, na kila ugomvi wa maji na malisho ni ushahidi kwamba wote wanauhitaji.

Sasa tuuchore. Mlia wa bluu unaokatiza kitambaa kutoka upande wa mlingoti hadi upande wa nje. Mchoraji wa haraka ataweka kijani cha mashamba juu yake na rangi ya udongo wa malisho chini. Hapo kosa limeshaingia: nani yuko juu? Swali hilo litaulizwa kwenye baraza la kwanza kabisa la kuonyesha mchoro. Dawa yake ni rangi moja pande zote mbili za mto. Tuseme rangi ya udongo. Lakini bluu iliyokolea na rangi ya udongo zote ni nzito, na zikigusana, ukiwa mbali huoni mto, unaona kiza. Kwa hiyo mto unatiwa utepe mweupe kila upande. Bendera ya Kenya yenyewe imetumia dawa hiyohiyo. Weusi, wekundu na kijani vina upana wa vipimo sita kila kimoja, na vimetengwa na tepe nyeupe za kipimo kimoja. Weupe ule maana yake ni amani, na papo hapo unafanya kazi ya macho: unazuia rangi nzito zisilane.

Kwa vipimo: kitambaa kina kimo cha vipimo 20 na urefu wa 30. Udongo 7, nyeupe 1, bluu 4, nyeupe 1, udongo 7. Jumla 20. Rangi tatu, umbo moja, na mtoto wa darasa la pili anaweza kuichora bila kutazama.

Shindano au mchoraji wa kuajiriwa?

Shindano la wazi huvutia watu na magazeti, lakini msilitegemee kuwaletea bendera iliyokamilika. Afrika Kusini ilipoitisha michoro kwa umma mwaka 1993 ilipokea zaidi ya 7,000, na hakuna hata mmoja uliokubalika. Bendera tunayoijua leo ilichorwa na Frederick Brownell, mtaalamu wa alama za serikali, na ikapandishwa kwa mara ya kwanza Aprili 27, 1994. Ilikusudiwa iwe ya muda, watu wakaipenda, ikabaki.

Njia inayofaa ni ya kati. Itisheni shindano, lakini semeni wazi kwenye tangazo kwamba kamati itachukua mawazo bora na kuwapa wabunifu wawili au watatu wa kulipwa wayasafishe pamoja na wenye mawazo. Fomu iwe karatasi ya A4 yenye visanduku viwili: kimoja cha sentimita 12 kwa 18, kingine cha sentimita 2 kwa 3. Mshiriki achore bendera hiyohiyo katika visanduku vyote viwili. Kile kidogo kitawafundisha watu kurahisisha kuliko hotuba yoyote. Chini yake iwepo nafasi ya mistari mitano ya kueleza maana, na ikomee hapo.

Jina na simu viwe kwenye karatasi ya pili, na karani mmoja ampe kila mshiriki nambari. Kamati ione nambari tu. Pasipo hivyo, mchoro wa mtoto wa mheshimiwa utafika fainali.

Haki ya mchoro ishughulikiwe mapema. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, haki huhama kwa maandishi yaliyotiwa saini na mwenye kazi. Kisanduku cha kukubali masharti mtandaoni kisiwatoshe. Watakaoingia hatua ya mwisho waje watie saini hati ya kuikabidhi kaunti haki zao, walipwe, na wa chini ya miaka 18 aje na mzazi. Mkichelewa, mshindi atakuja na wakili baada ya kitambaa kushonwa, na sheria itakuwa upande wake. Kagueni pia kama kuna picha zilizonyofolewa mtandaoni: ndege aliyechorwa kwa ufundi kupita kiasi ndani ya mchoro wa kitoto kwa kawaida ana mwenyewe.

Alama mia za kamati tunazigawa hivi: kutambulika kwa mbali 35, maana iliyotoka barazani 30, upekee 20, urahisi wa kushona 15. Upekee upimwe kwa kuweka mchoro mezani pamoja na bendera za kaunti nyingine 46, za nchi jirani, za vyama, na za vilabu vya mpira. Kijani cha kilimo na bluu ya maji vitakuja kwenye nusu ya michoro. Si rangi mbaya, lakini zikija peke yake kwa milia mitatu ya kulala, mtakuwa mmechora bendera ya kaunti yoyote.

Kuchora

Maneno yasiwemo. Jina la kaunti, kaulimbiu, mwaka, vyote viende kwenye nembo na barua. Kitambaa huonekana pande zote mbili, na maandishi yakionekana kwa nyuma yanasomeka kinyume. Ili yasomeke vizuri pande zote inabidi vishonwe vitambaa viwili na katikati yake kingine cha kuzuia mwanga usipenye. Bendera inakuwa nzito, haipepei ila kwa upepo mkali, na gharama inapanda. Jina lina mahali pake kwenye kanga, inayosomwa na aliye karibu. Bendera husomwa na aliye mbali.

Nembo nzima isibandikwe katikati. Hili tunalisema kwa uchungu, kwa sababu ndilo kosa lililozoeleka kuliko yote. Nembo imeundwa kukaa juu ya barua, mbele ya macho. Ikipanda mlingotini inageuka doa. Kama kuna kitu ndani ya nembo kinachopendwa, kitoeni kimoja, kikuzeni, kiwe umbo lenye rangi moja.

Rangi ziwe mbili au tatu, pamoja na nyeupe. Rangi nyepesi ikae karibu na nzito. Njano juu ya nyeupe hupotea, na bluu nzito juu ya nyeusi hupotea pia. Kipimo chake ni rahisi: pigeni fotokopi nyeusi na nyeupe. Sehemu mbili zikitoka na kijivu kimoja, basi jioni ya mawingu zitaonekana kitu kimoja, na zikiwa ni nyekundu na kijani, mtu asiyetofautisha rangi hizo huziona hivyo kila siku.

Alama kuu iwekwe karibu na mlingoti, nusu ya juu. Upepo ukikatika kitambaa huanguka na kujikunja, na upande wa nje wote huzama ndani ya mikunjo. Kinachobaki kuonekana ni kona ile tu. Nchi yetu ina saa nyingi za utulivu asubuhi, na asubuhi ndipo bendera hupandishwa na kutazamwa.

Kabla ya kuandika rangi popote, nendeni madukani, Biashara Street au Eastleigh kwa mfano, mkaone vitambaa vya robota. Chagueni rangi inayopatikana kwa wauzaji wasiopungua watatu. Zambarau maalumu iliyotoka kwenye kompyuta itawalazimu kuagiza au kuchapisha kila bendera, na baada ya miaka miwili kila ofisi itakuwa na zambarau yake.

Mchoro wa mwisho uwe faili la vekta, ambalo hukuzwa bila kuchakaa kingo. Picha ya JPG iliyopitia WhatsApp si mchoro rasmi.

Kitambaa kwanza, kura baadaye

Kwanza kipimo cha mezani. Bendera ya sentimita 120 kwa 180 ikiwa umbali wa mita 30 huonekana kwa ukubwa wa kistatili cha sentimita 1.6 kwa 2.4 kilichoshikwa sentimita 40 kutoka machoni. Chapisheni michoro yote kwa ukubwa huo, mbandike kwenye karatasi, mwonyeshe mtu kwa sekunde tano, kisha geuza karatasi umwambie achore alichokiona. Fanyeni na watu 20 wasiokuwa wa kamati. Mchoro usiochoreka na angalau 12 kati yao urudi kwa mbunifu.

Itakayobaki, mitatu au minne, ishonwe kwa ukubwa kamili na ipandishwe kwenye mlingoti halisi kwa wiki mbili. Ipigwe picha kwa simu ya kawaida saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, kukiwa na upepo na kukiwa kimya, kwa mita 30 na kwa mita 100. Wiki hizo mbili hubadilisha mawazo ya kamati kuliko vikao kumi. Mchoro uliopendeza kwenye skrini mara nyingi ndio wa kwanza kuanguka, kwa kuwa skrini haina mikunjo.

Kisha vitambaa hivyo vizungushwe kwenye kaunti ndogo zote ili watu waone na waamue. Kura ya "chagua moja" ina madhara mawili: hugawanya watu wanaopenda michoro inayofanana, na huipa jamii kubwa bendera yake. Tumieni kura ya kukubali. Kila mtu, kwa kila bendera, aseme *naikubali* au *siikubali*. Zihesabiwe kwa kila kaunti ndogo peke yake. Tuseme bendera A imekubaliwa na asilimia 70 ya watu wote lakini kaunti ndogo moja imeipa asilimia 20 tu, na bendera B imekubaliwa na asilimia 62 bila kushuka chini ya 50 popote. Chukueni B. Bendera inayochukiwa na sehemu moja ya kaunti itapandishwa huko kwa amri, na siku ya vurugu itakuwa ya kwanza kushushwa.

Zote zikikataliwa, kubalini. Mwambieni gavana mapema kwamba jambo hilo linawezekana, ili asiwe amekwisha kutangaza tarehe ya uzinduzi.

Mswada na jedwali lake

Mswada wenyewe ni mfupi. Uzito uko kwenye jedwali, kwa sababu ndilo atakalopewa kila fundi kwa miaka ijayo. Picha peke yake haitoshi. Andikeni uwiano wa kimo na urefu (2 kwa 3 ni sawa na bendera ya taifa, hivyo zikipandishwa pamoja zinalingana), upana wa kila mlia kwa vipimo, mahali kiini cha kila umbo kilipo, na kila rangi kwa jina lake la Kiswahili pamoja na nambari ya Pantone (mfumo wa kutaja rangi kwa nambari) na thamani za uchapishaji na za skrini. Mswada ukisema "kijani" tu, mtapata kijani sita.

Vifungu vingine visisahaulike. Bendera ya kaunti isipandishwe juu zaidi ya ya taifa wala isiwe kubwa kuliko hiyo; zikiwa mbili, ya taifa iwe kushoto kwa mtazamaji anayezitazama kwa mbele. Kwenye magari, bendera ya kaunti ni ya gari la gavana, na la mwakilishi wadi halimo. Elezeni nani anaruhusiwa kuitumia kwenye bidhaa na kwa kibali cha nani. Ushauri wetu ni kuwaachia wananchi huru kuivaa na kuipeperusha, na kuzuia tu matumizi ya kibiashara yanayodanganya kwamba ni ya serikali. Bendera iliyofungiwa kwa vibali haipendwi.

Baada ya kusomwa mara ya kwanza, mswada huenda kwa kamati ya bunge, nayo huitisha maoni upya. Msiseme "tulishawauliza." Ule ulikuwa ushirikishwaji wa serikali, huu ni wa bunge. Mpeni karani wa bunge lile faili lote. Mswada ukipita, gavana ana siku 14 za kuutia saini au kuurudisha. Ukishatiwa saini uchapishwe kwenye Gazeti Rasmi ndani ya siku saba, na bila kuchapishwa hauna nguvu. Huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa wenyewe useme vinginevyo. Sherehe ya uzinduzi ipangwe baada ya hapo.

Kushona na kununua

Mlingoti wa mita 6 unachukua bendera ya sentimita 90 kwa 135, na wa mita 9 sentimita 120 kwa 180. Ofisi za ndani na mikutano, 90 kwa 135 ya satini. Gari, 20 kwa 30. Kwa nje tumieni poliesta ya kufumwa ya gramu 110 hadi 120 kwa mita ya mraba. Pamba hunyonya mvua, ikawa nzito, ikachanika.

Kila mlingoti wa nje uhesabiwe bendera tatu kwa mwaka: moja juu, moja kwa fundi, moja kabatini. Upande wa nje ndio unaoanza kuchanika, kwa hiyo pindo lake likunjwe mara mbili na lipigwe mishono minne, kona ziongezwe kipande. Upande wa mlingoti utiwe mkanda mgumu mweupe wenye kamba iliyoshonewa ndani. Matundu ya chuma yaliyotobolewa kwenye kitambaa kitupu hung'oka kwa upepo wa kwanza wa kusi. Nyekundu hupauka mapema, na ikigeuka waridi bendera ishushwe hata kama haijachanika.

Asilimia 30 ya zabuni za serikali hutengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Hapa zina mahali pake hasa: vikundi vya ushonaji na vyuo vya ufundi vya kaunti vinaweza kazi hii. Waitisheni sampuli iliyoshonwa kabla ya kutoa kandarasi, muiloweke maji ya sabuni usiku kucha, muianike juani. Rangi ikivuja kwenye weupe, kataeni.

Mwisho, shoneni bendera moja ya mfano kwa uangalifu mkubwa, ikaguliwe dhidi ya jedwali kwa rula, itiwe lakiri, ihifadhiwe gizani kwa karani wa bunge pamoja na vipande vya vitambaa vya kila rangi. Kila shehena mpya ilinganishwe nayo mchana, kwenye mwanga wa dirishani, kabla mhasibu hajalipa.